Sukari, mafuta na biashara: Elimu ya chakula chako imetoka kwa nani?



Ndugu msomaji, safu yetu ya afya na usafi leo inaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita alinijia zahanati mama mmoja mtu mzima, mkazi wa Mbagala, muuza vitenge. Alikuwa na presha na uzito mkubwa. Nilimpima, nikampa dawa, kisha nikampa nasaha kama nilivyofundishwa chuoni na kama lilivyosema bango lililokuwa ukutani nyuma yangu: “Mama, punguza chumvi, acha mafuta, acha nazi, acha nyama nono.” Akaitikia, “Nimekuelewa, mwanangu.”

Na kweli alinielewa. Nyumbani kwake samaki wa nazi akaondoka, mihogo ya nazi ikaondoka. Asubuhi akawa anakunywa chai ya rangi kwa mkate mweupe uliopakwa jemu. Binti yake naye, kwa mapenzi, akawa anamletea juisi za boksi zilizochorwa maembe na machungwa, kwa kuwa alisikia soda si nzuri kwa wagonjwa.

Baada ya mwaka na nusu alirudi akichechemea. Chini ya dole gumba la mguu wa kulia palikuwa na kidonda ambacho hakukisikia kilipoanza. Nilimpima sukari akiwa hajala kitu, kipimo kikasoma 17. Mtu mzima wa afya asiyekula tangu jana usiku hutarajiwa kuwa chini ya 6.1, na ikifika 7 au zaidi tunazungumzia kisukari. Nilimwandikia rufaa saa ile ile. Alirejea nyumbani akiwa na vidole viwili pungufu.

Alipokuja kunijulia hali aliniuliza swali moja: “Daktari mwanangu, mafuta si niliyaacha?”

Sikuwa na jibu. Chai yake ilikuwa vijiko vinne kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku. Mimi nilitaja chumvi, nilitaja nazi, nilitaja nyama. Sukari sikuitaja hata mara moja. Si kwamba niliisahau. Kichwani mwangu mafuta ndiyo yalikuwa adui, na sukari ilikuwa ni ya kuozesha meno ya watoto tu.

Sisi tuliopita madrasa tumefundishwa kuwa hadithi haipokelewi mpaka itazamwe isnadi yake. Nani kaisimulia? Kaipokea kwa nani? Ni mtu wa namna gani? Sasa mimi ile “acha mafuta” niliyompa mama yule niliipokea kwa nani? Ndugu msomaji, makala haya yanakuomba jambo moja tu. Habari yoyote ya chakula inayoingia nyumbani kwako, iulize isnadi yake. Lakini kwanza tuelewe vitu vyenyewe.

Sukari inafanya nini mwilini

Sukari nyeupe tunayotia kwenye chai ni vitu viwili vilivyoungana nusu kwa nusu: glukosi na fruktosi. Glukosi huingia kwenye damu, na kongosho hutoa homoni ya insulini ili kuiingiza kwenye misuli na viungo vingine ikatumike. Fruktosi kwa sehemu kubwa huishia kwenye ini. Ikizidi kila siku, ini huigeuza kuwa mafuta. Baadhi ya mafuta hayo hubaki kwenye ini lenyewe na mengine huingia kwenye damu. Kwa hiyo, mtu anaweza kuacha mafuta ya kupikia na bado akatengeneza mafuta ndani ya mwili wake kwa sukari.

Uzito ukizidi, hasa wa tumboni, viungo huanza kutoitikia insulini vizuri. Kongosho hutoa insulini zaidi na zaidi mpaka huchoka. Hapo sukari hubaki kwenye damu. Mwanzoni huumwi. Unaweza kuona kiu, kwenda haja ndogo mara kwa mara, au usione dalili yoyote. Huku ndani, mishipa midogo ya damu ya macho na figo inaharibika, na mishipa ya fahamu ya miguuni inakufa ganzi. Ndiyo maana mama yule hakusikia kidonda chake.

Sukari ya kunywa ni hatari zaidi kuliko unavyodhani, kwa sababu haishibishi. Soda ya mililita 300 ina takriban gramu 32 za sukari, yaani vijiko vinane vya chai. Hakuna anayeweza kulamba vijiko vinane vya sukari mfululizo, lakini akivinywa vikiwa baridi, bado atakula sahani yake ya wali kama kawaida. Juisi ya boksi yenye sukari haina tofauti kubwa na soda, hata ikichorwa maembe ya namna gani.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, limesema sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayoipata kwenye chakula. Kwa mtu mzima ni kama gramu 50 kwa siku. Likaongeza kuwa bora zaidi ni nusu ya hapo, gramu 25, yaani vijiko sita. Chai ya mama yule peke yake ilikuwa gramu 48. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima, kama embe au tende, haimo kwenye hesabu hiyo, maana inakuja na nyuzinyuzi zinazoipunguza kasi.

Mafuta si yote sawa

Usije ukatoka hapa ukasema, “Kumbe mafuta hayana neno.” Hilo nalo litakuwa kosa. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya sukari, kwa hiyo ukiyazidisha utanenepa. Tena yana aina zake.

Yapo yanayoganda kwa urahisi, kama ya nyama, samli, nazi na mawese. Haya huongeza lehemu mbaya, ile kolesteroli inayoganda kwenye kuta za mishipa ya moyo na ya ubongo. Yapo yasiyoganda, kama ya alizeti, ufuta, karanga na samaki. Haya ukiyatumia badala ya yale ya kwanza, lehemu mbaya hushuka. Ya tatu na mabaya kuliko yote ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa nusu nusu kiwandani kwa gesi ya haidrojeni, ambayo yalitumika kwa miaka mingi katika majarini, biskuti na mafuta magumu ya kukaangia. Hayo huongeza lehemu mbaya na kupunguza ile nzuri. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote kuyaondoa kwenye chakula ifikapo mwaka 2023.

Kwa hiyo, nilipomwambia mama yule apunguze mafuta sikusema uongo. Nilisema nusu ya kweli, na nusu niliyoiacha ndiyo iliyomkata vidole.

Hali ilivyo kwetu

Wapo wanaodhani kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa Masaki. Hebu tutazame. Mwaka 1989 kundi la watafiti lililoongozwa na Donald McLarty wa Muhimbili lilichapisha matokeo ya kupima watu katika vijiji sita vya Tanzania. Waliokuwa na kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walilinganisha Ilala na kijiji kimoja cha Kilimanjaro. Kijijini ilikuwa kati ya mtu mmoja na wawili katika mia, Ilala ikakaribia sita. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta 9.1 katika kila mia wana kisukari, na karibu 26 katika mia wana presha. Tafiti hizi hazikufanana umri wala namna ya kupima, lakini mwelekeo unauona mwenyewe.

Kwa Kinondoni tuna kipimo chetu. Mwaka 2007 hadi 2008, wakati Ubungo ilikuwa bado ni sehemu ya wilaya hiyo, watafiti walipima watu wazima 1,249. Wenye unene uliopitiliza walikuwa 19 katika kila mia. Kwa wanaume peke yao walikuwa 9, kwa wanawake karibu 25. Yaani kati ya mama zetu, dada zetu na wake zetu wanne, mmoja.

Watu hawa hawali kwa ulafi. Wanakula kinachopatikana: chapati na chai ya sukari asubuhi, chipsi mayai mchana kwa kuwa ni rahisi, wali mwingi na mboga kidogo usiku, na kazi ya kukaa kwenye kiti dukani au kwenye daladala saa mbili kwenda na mbili kurudi. Chakula hiki nacho kina wenyewe wanaokitengeneza na kukitangaza. Hapo ndipo tunarudi kwenye isnadi.

Isnadi ya “acha mafuta”

Miaka ya 1950 na 1960 Wamarekani walikuwa wanakufa sana kwa maradhi ya moyo. Wataalamu wakagawanyika. Wapo waliosema mkosaji ni mafuta, na wapo, kama John Yudkin wa Uingereza, waliosema tuitazame sukari. Wenye viwanda vya sukari wakaona hatari. Mwaka 1965 taasisi yao ya utafiti huko Marekani iliwalipa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard dola 6,500 waandike mapitio ya tafiti za sukari, mafuta na moyo. Taasisi ile ndiyo iliyoleta baadhi ya makala za kupitiwa, na iliona rasimu kabla haijachapwa. Mwaka 1967 mapitio yakatoka katika moja ya majarida makubwa ya tiba duniani. Tafiti zilizoishutumu sukari zilikosolewa vikali, na hitimisho likawa kwamba cha kupunguza ni mafuta na lehemu. Nani alilipa? Haikuandikwa. Wakati ule jarida halikuwa likiwataka waandishi waseme.

Jambo hili lilikaa gizani kwa karibu miaka 50. Aliyelifukua ni daktari wa meno, Cristin Kearns, aliyepekua barua za zamani zilizohifadhiwa kwenye maktaba za vyuo, na mwaka 2016 yeye na wenzake wakalichapisha. Mwaka uliofuata wakaonesha jingine. Taasisi ile ile iligharimia utafiti wa panya mwishoni mwa miaka ya 1960, na matokeo yalipoanza kuwa mabaya kwa sukari, fedha zikakatwa na matokeo hayakuchapishwa.

Tuseme haki, maana tumeamrishwa uadilifu. Si kila aliyesema mafuta ni mabaya alilipwa, na ushahidi kuhusu mafuta yanayoganda upo mpaka leo. Wala siwezi kusema kuwa dola za mwaka 1965 ndizo zilizomkata vidole mama wa Mbagala, kwani kosa la kutomuuliza kuhusu chai yake ni langu. Lakini bango lile la ukutani halikuota lenyewe. Mapitio yale yaliisaidia dunia kuikodolea macho sahani ya mafuta na kuisahau bakuli ya sukari.

Si mambo ya zamani tu

Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilipotaka kutoa ripoti yenye kipimo kile cha sehemu moja ya kumi, chama cha wafanyabiashara wa sukari Marekani kiliandika barua ya vitisho kwa mkuu wa shirika, kikisema kitalitaka bunge lao lizuie mchango wa dola milioni 406.

Mwaka 2015 iligundulika kuwa kampuni ya Coca-Cola ilitoa dola milioni 1.5 kuanzisha mtandao wa wanasayansi waliokuwa wakiwaambia watu kuwa tatizo kubwa la unene ni kukosa mazoezi kuliko chakula. Habari ilipotoka gazetini, mtandao ule ulivunjwa kabla mwaka haujaisha. Mazoezi ni mazuri, mimi mwenyewe nawaandikia wagonjwa wangu watembee. Ila ukisikia muuza soda anakuhimiza kukimbia, jiulize kwa nini hakuhimizi kunywa maji.

Mwaka 2013 watafiti walikusanya mapitio ya kitaalamu kuhusu vinywaji vya sukari na unene. Katika hitimisho 12 za waandishi wasio na uhusiano na wenye viwanda, 10 zilisema vinywaji hivyo vinaweza kunenepesha. Katika 6 za waandishi waliokuwa na uhusiano nao, 5 zilisema ushahidi hautoshi. Vinywaji ni vile vile na miili ni ile ile. Kilichotofautiana ni mlipaji.

Na watoto nao hawakuachwa. Aprili 2024 shirika la Public Eye la Uswisi, pamoja na mtandao wa IBFAN unaotetea unyonyeshaji, walipima uji wa watoto wa Cerelac unaotengenezwa na Nestlé. Ule wa ngano wa watoto wa miezi sita unaouzwa Ujerumani na Uingereza haukuwa na sukari ya kuongezwa. Bidhaa ya aina hiyo hiyo iliyouzwa Ethiopia ilikuwa na zaidi ya gramu tano kwa mlo mmoja. Mzazi wa Addis Ababa hampendi mwanawe chini ya mzazi wa Berlin. Tofauti ni nani anaulizwa maswali na nani haulizwi.

Mtaani kwetu

Sasa toka nje, tazama. Duka la mangi lina jina lake pembeni na nembo ya soda katikati. Shule ngapi umeziona zenye kibao cha jina kilichochorwa kinywaji? Mpira wa vijana wetu uliwahi kuitwa kwa jina la soda, yale mashindano ya Copa Coca-Cola. Mtoto anakua akijua kuwa soda ni furaha, ni ushindi, ni Iddi. Sisi nasi tunasaidia. Khitma ya madrasa ni soda, akika ni soda, hata tukimtembelea mgonjwa wa kisukari tunambebea katoni ya juisi.

Ingia kwenye mafuta. Mafuta mengi ya kula yanayotumika nchini huagizwa kutoka nje, na sehemu kubwa ni mawese yaliyosafishwa kutoka Malaysia na Indonesia. Ndiyo hayo tunayopimiwa kwenye vichupa dukani, mengine huanza kuganda asubuhi za kipupwe. Juu ya dumu utakuta maneno makubwa kuwa hayana lehemu. Ni kweli, lakini lehemu hutoka kwa wanyama, na mafuta ya mimea hayana lehemu ya kutajika tangu asili. Kuandika hivyo ni sawa na kuandika juu ya gunia la mchele kwamba halina mifupa. Suala ni kuwa karibu nusu ya mawese ni yale mafuta yanayoganda, ambayo huongeza lehemu mbaya mwilini mwako. Hilo halikuandikwa kwa herufi kubwa.

Tusichanganye pia na nembo ya ubora. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Nembo yao inakwambia bidhaa imefikia kiwango kilichowekwa. Haikwambii ina vijiko vingapi vya sukari. Hilo ni juu yako kulisoma nyuma ya pakiti.

Tufanye nini nyumbani

Kwanza, pima sukari ya nyumba yako kwa kilo. Kama mko watano na kilo moja inaisha ndani ya siku nne, kila mmoja amekula gramu 50 kwa siku, na hapo bado hatujahesabu soda, biskuti na mandazi ya njiani. Mmeshafika ukingoni. Lengeni kilo ile ifike siku nane. Msikate ghafla. Toeni nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Iliki, mdalasini na tangawizi zitawasaidia.

Pili, kinywaji cha nyumbani kiwe maji. Juisi ya ukwaju au embe isizidishwe sukari, na tunda likiliwa zima ni bora kuliko likikamuliwa. Mtoto wa miezi sita uji wake hauhitaji sukari kabisa.

Tatu, mafuta. Ukiweza, nunua alizeti. Najua bei yake inauma kuliko mawese, basi tumia kidogo na pima kwa kijiko badala ya kumimina. Nazi usiione haramu. Samaki wa tui jepesi la pili mara mojamoja ni chakula kizuri, ila kasimele ya kila siku ndiyo tatizo. Mafuta yaliyogeuka rangi na kutoa moshi yamwage, na kwa muuza chipsi usione haya kuuliza mafuta yake ni ya lini.

Nne, futari. Sunna ni tende na maji, lakini siku hizi tende moja inafuatwa na kaimati zilizolowa shira, tambi za sukari, visheti na juisi ya unga ya rangi. Mchana tumefunga, magharibi tunalipiza. Chagueni kitu kitamu kimoja tu kwa siku. Mwenye kisukari amwone tabibu wake kabla Ramadhani haijaingia, asisubiri kuanguka.

Tano, soma pakiti. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Ukikuta sukari, glukosi au sharubati yake katika majina matatu ya mwanzo, jua unanunua pipi. Kama huoni herufi au ni Kiingereza, mwite mtoto wa sekondari akusomee. Ada tunamlipia.

Sita, udhu wako uwe kipimo. Tunaosha miguu mara nyingi kwa siku na tumefundishwa kupitisha kidole kati ya vidole vya miguu. Mwenye kisukari asipitishe tu. Atazame unyayo, aguse, kisha akaushe katikati ya vidole. Kidonda kinachoonekana siku ya kwanza hutibika zahanati.

Yasiyo ya nyumba moja

Lakini tusimtwishe mama mwenye jiko mzigo wote. Mwaka 1987 serikali ya Morisi, visiwa jirani zetu katika Bahari ya Hindi, ilibadilisha mafuta ya kupikia ya bei nafuu yaliyokuwa chini ya usimamizi wake. Yalikuwa kwa sehemu kubwa mawese, yakawa ya soya. Walipowapima watu tena mwaka 1992, wastani wa lehemu ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7. Mabadiliko ya chakula na maisha yalichangia kwa njia nyingine pia, lakini mafuta yale yalikuwa na sehemu kubwa, na hakuna mama aliyehitaji semina.

Saudi Arabia na Imarati mwaka 2017, na Oman mwaka 2019, ziliweka kodi ya asilimia 50 juu ya soda. Afrika Kusini iliweka yake mwaka 2018, ingawa baada ya kelele za wenye viwanda kodi iliyopendekezwa kuwa kama asilimia 20 ilitoka ikiwa karibu nusu yake. Kwa hiyo inawezekana, na wanaopinga ni wale wale.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta chini pana maji. Akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, na akabainisha kuwa mwenye kuwahadaa Waislamu si katika wao. Tazama kwamba hakuishia kutazama juu ya rundo. Kamati za misikiti, walimu wa madrasa na wazazi wa shule za mtaani nao watie mkono. Ni nani alichora kibao cha shule yetu, na alitaka nini? Khitma ijayo haiwezi kuwa na maji, machungwa na karanga?

Mama wa Mbagala bado anakuja kliniki kila mwezi. Chai anakunywa bila sukari, samaki wa tui jepesi amerudi jikoni, na mara ya mwisho kipimo chake kilisoma 7.4. Bango la ukutani nimelibandua. Na kila mgonjwa anayekaa kwenye kiti kile sasa namuuliza kwanza, “Chai yako ni vijiko vingapi?”

Wewe je, ndugu msomaji, chai yako ni vijiko vingapi?

Wabillahi tawfiq.